Mitungi Kumi ya Waziri Mafudhi

Hapo zamani, enzi zile ambazo mtu akitaka kumwambia mfalme kuwa mvua inanyesha ilimpasa kwanza aombe ruhusa ya kulowa, palikuwa na mji uitwao Changaweni, mji mdogo wenye majivuno makubwa. Nyumba zake zilikuwa hamsini, ukihesabu pamoja na kasri ya Sultani Muhsini, iliyokaa juu ya kilima ikiziangalia nyumba nyingine kama jogoo aangaliavyo vifaranga visivyo vyake. Na kisima cha maji matamu kilikuwa kimoja tu.

Basi ikawa mwaka mmoja masika yalipita kama mgeni mwenye haraka; yalibisha hodi, hayakuketi. Vuli nayo haikuja kabisa. Maji ya kisima yakashuka, yakashuka tena, hata mtu akitupa kijiwe ndani alipata nafasi ya kupiga chafya kabla hajakisikia kikitua.

Na desturi ya kisima hicho ilikuwa hii: alfajiri hata alasiri kilikuwa cha punda wa kasri. Punda walishuka na kupanda, wakibeba maji ya kuogea Sultani, maji ya farasi wake kumi na wawili, maji ya bustani ya mawaridi, na maji ya tausi, ambao walioshwa miguu kila siku ili wasichafue mazulia. Alasiri ikiingia, punda wakiisha kupumzika, ndipo askari alipoondoa mkuki wake njiani na kuwaruhusu watu wa mji kuteka yaliyosalia. Na yaliyosalia yalitosha mtungi mmoja kwa kila nyumba, wala si mtungi uliojaa sana.

Katika mji huo alikuwako mtu mmoja maskini, jina lake Shikeli, kazi yake kusokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, za kutekea maji. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa alikuwa akijibu lile aliloulizwa na kutenda lile aliloambiwa, wala hazidishi. Siku moja tajiri mmoja alimwambia, "Nisokotee kamba kama ile ya jana," naye akaenda akaichukua ile ile ya jana uani kwa tajiri, akaiosha vumbi, akamletea. Walicheka sana. Lakini mambo yalipowafika shingoni, hao hao waliocheka walipita kwake mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, kuomba shauri.

Mwaka huo Shikeli alikuwa na kazi nyingi na furaha chache. Kila wiki watu walimjia, "Shikeli, tuongezee pima moja, kamba haifiki." Naye akaongeza, na hakuna aliyejua zaidi yake jinsi maji yalivyokuwa mbali. Tena mkewe, Mwanaheri, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku ninayoisimulia ilikuwa ya kumi na tisa katika arobaini yake. Mkunga wake alikuwa Bi Chanuo, bibi kizee mwenye ulimi wa wembe na mikono ya pamba. Asubuhi hiyo Bi Chanuo alisimama jikoni, akautazama mtungi, akauinamisha, akautazama tena.

"Shikeli," akasema, "mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mimi nimemkanda mkeo kwa maji niliyomwoshea mtoto, na yale yale ndiyo niliyosuuzia mchele. Leo wataka nimkande kwa nini? Kwa dua?"

Mwanaheri, aliyekuwa amelala na khanga yake usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwache, bibi. Na wenzetu wote ni hivi hivi."

"Wenzenu wote ni hivi hivi," akasema Bi Chanuo, "ila mmoja." Akaelekeza kidevu chake kilimani.

Basi siku ile watu wa mji wakakusanyika, wakasema, "Twendeni tukamwambie Sultani kuwa twafa kwa kiu." Wote wakakubali. Kisha wakaulizana nani atasema, wote wakanyamaza. Mwisho wakamtazama Shikeli.

"Nenda wewe," wakamwambia. "Wewe wajulikana kuwa mpumbavu. Ukikosea neno, watasamehe."

"Na nisipokosea?" akauliza Shikeli.

Wakamsukuma mbele.

* * *

Sultani Muhsini hakuwa mtu mbaya wa moyo, ila hakuwahi kushuka kile kilima kwa miguu yake tangu atawazwe, na aliyoyajua ya mji aliyajua kwa kinywa cha waziri wake. Na waziri huyo, Mafudhi, aliyekaa naye humo humo kasrini, alikuwa amesafiri ng'ambo akajifunza hesabu, akarudi nayo kama mtu aliyerudi na kilemba kipya. Hakukaa mahali bila kuwaonyesha watu.

Shikeli akainama, akasema, "Salamu kwako, ee bwana wetu. Watu wa mji wamenituma nikwambie kuwa wana kiu."

Sultani akakunja uso, akamgeukia Waziri. "Mafudhi, si juzi tu uliniambia habari za maji? Ulisemaje?"

Waziri akatoa karatasi katika joho, akaikunjua taratibu. "Nilisema, bwana wangu, kwamba katika mji wako kila nyumba yapata mitungi kumi ya maji kwa siku. Mitungi kumi! Nchi nyingine hata katika masika hawapati."

"Mitungi kumi!" akasema Sultani, akamrudia Shikeli. "Na bado mwalia kiu? Mnayafanyia nini? Mnafuga viboko?"

Barazani wakacheka. Shikeli akafikiri juu ya mtungi wake jikoni, akajiuliza kwa dakika moja kama labda yeye ndiye aliyekuwa akihesabu vibaya siku zote. Kisha akasema, "Bwana wangu, mimi ni mjinga. Naomba Waziri anifundishe mitungi hiyo kumi aliionaje, maana mimi nikiingia jikoni kwangu naona mmoja, na hata nikifumba jicho moja hauongezeki."

Waziri akatabasamu, maana hakuna alichokipenda kama kufundisha wajinga mbele ya wakubwa. "Sikiliza, ewe msokota kamba. Elimu hii huitwa wastani. Nimemweka mtu kisimani akahesabu mitungi yote iliyotekwa kutwa. Ilikuwa mia tano. Nikahesabu nyumba zote za mji, zikawa hamsini. Nimekwisha jumlisha, kisha nagawanya: mia tano kwa hamsini. Jibu?"

"Kumi," akasema Shikeli.

"Umeona? Kila nyumba mitungi kumi, kwa wastani."

"Subhanallah!" akasema Shikeli. "Na katika nyumba hizo hamsini, bwana, hukuacha hata moja? Vibanda navyo umevihesabu?"

"Vyote."

"Na kwangu?"

"Na kwako."

"Na hapa kwa bwana wetu?"

"Na hapa pia," akasema Waziri kwa majivuno. "Hesabu haina upendeleo, ewe mjinga. Kila paa lenye moshi ni nyumba, liwe la makuti au la chokaa."

"Ahsante," akasema Shikeli, "sasa nimeelewa." Wala hakusema zaidi, kwa kuwa aliona uso wa Sultani umeanza kuiva.

Na kweli Sultani alikuwa amekasirika, maana hakuna kimuudhicho mwenye neema kama mtu wa kumkumbusha shida. Akasema, "Mafudhi, Ijumaa hii aja kwangu rafiki yangu, Mfalme wa nchi ya jirani, naye amejigamba kwangu mara tatu juu ya chemchemi zake. Nataka lile bwawa la marumaru mbele ya baraza lijae, aone. Lahitaji mitungi mingapi?"

"Mia mbili na hamsini, bwana wangu."

"Basi watu hawa wenye mitungi kumi na wailete. Kila nyumba itoe mingapi?"

Waziri hakuhitaji hata karatasi. "Mia mbili na hamsini kwa nyumba hamsini. Mitano, bwana wangu. Watatoa nusu tu ya walicho nacho."

"Umesikia?" Sultani akamwambia Shikeli. "Mitungi mitano kila nyumba. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nilikute bwawa limejaa. Lisipojaa, kisima kitafungwa kwenu mwezi mzima, mpate kuijua kiu mnayoisingizia."

Shikeli akaona giza. Mwezi mzima! Mtoto wake hakuwa bado na mwezi duniani. Angejaribu kulia hapo asingepata hata chozi la kutoa. Lakini mtu akibanwa sana ukutani, huanza kuutazama ukuta wenyewe. Akasema, "Twasikia na kutii, ee bwana wetu. Ila naomba jambo moja. Wako vikongwe mjini wasioweza kubeba hata kata ya maji. Je, jirani mwenye nguvu akitoa zaidi, na kikongwe akitoa pungufu, amri itakuwa imetimia?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akapunga mkono kama afukuzaye nzi. "Nani ana haja na hayo? Huyu katoa sita, yule minne, mimi yanihusu nini? Maadamu nyumba zile hamsini nilizozihesabu zimetoa mitano kwa wastani, amri imetimia."

"Mimi ni msahaulifu," akasema Shikeli, "na wenzangu hawataniamini. Naomba niandikiwe hayo."

Wakacheka tena, wakaona ni vichekesho mpumbavu asiyejua kusoma kuomba karatasi. Waziri akaandika kwa hati yake nzuri: *Nyumba hamsini za Changaweni, kila paa lenye moshi, liwe la makuti au la chokaa, zitoe kwa bwawa la Sultani mitungi mitano kwa wastani, wala asiulizwe nani katoa kingi na nani kidogo.* Sultani akapiga muhuri. Shikeli akaipokea karatasi ile kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya kofia yake, akashuka kilima.

* * *

Watu walipomwona wakamkimbilia. Alipowaeleza, vilio vikapanda. "Ewe Shikeli!" wakasema. "Tumekutuma ukatuombee maji, umerudi na deni la maji! Tungemtuma punda angerudi na heri zaidi!" Wengine wakamtupia makumbi ya nazi, na kumbi moja likampata sikioni.

Akafika kwake amevimba sikio. Mwanaheri akamwambia, "Ni kweli wasemayo?"

"Ni kweli."

"Sisi tutatoa mitungi mingapi?"

"Hatutatoa hata mmoja."

"Na walio pande mbili zetu?"

"Nao hawatatoa."

Mwanaheri akainuka juu ya kiwiko. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka sita, akijua kuwa akijibu vifupi namna hiyo ana jambo. "Basi nani atatoa, Shikeli?"

"Jirani yetu mwenye nguvu."

"Jirani yupi mwenye nguvu hapa, nasi sote twatembea kwa kushika kuta?"

Shikeli akavua kofia, akaitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma. "Mke wangu," akasema, "leo nimefundishwa kuwa Sultani ni jirani yetu."

Mwanaheri akasema, "Wakikukata kichwa, mtoto huyu atamwita nani baba?" Akageukia ukutani. Na Shikeli akaketi kizingitini, akasokota kamba isiyokuwa na mnunuzi.

Ijumaa ilipopambazuka, Shikeli alikuwa tayari kisimani. Hapo alimkuta Bwana Tenge, mkuu wa punda wa kasri, mtu mnene mwenye huruma ambaye miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba maji mbele ya macho ya wenye kiu, na kwa aibu alijizoeza kutembea akitazama juu.

Shikeli akamwamkia, akamwonyesha karatasi. Bwana Tenge alijua kusoma kidogo. Akaisoma kwa kidole, midomo ikichezacheza, akaubusu muhuri.

"Hii ni amri ya bwana wetu," akasema. "Nami yanihusu nini? Hii ni ya nyumba za mji."

"Bwana Tenge, huko kilimani mwapika?"

"Twapika, tena sana."

"Moshi watoka?"

"Watoka."

"Soma tena hapo penye chokaa."

Bwana Tenge akasoma tena. Uso wake ukabadilika. "Basi kasri nayo ni nyumba. Nayo yadaiwa. Hebu kwanza, hizi nyumba nyingine arobaini na tisa zimetoa mingapi?"

"Zimetoa kadiri ya uwezo wao."

"Yaani?"

"Hapana kitu."

Bwana Tenge akahesabu kwa vidole, akafika kikomo cha vidole, akaazima vya Shikeli. "Kumbe iliyosalia kwa kasri ni... mia mbili na hamsini?"

"Waziri amesema asiulizwe nani katoa kingi na nani kidogo. Soma mwisho."

Yule mtu mnene akasoma mwisho. Akatazama juu, kama desturi yake, kisha polepole akateremsha macho akawatazama wanawake waliokuwa wamekwisha keti mbali, na mitungi mitupu, wakisubiri alasiri. "Mimi ni mtumishi," akasema. "Muhuri ukisema, natenda." Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akawageuza punda. Na asubuhi yote punda walipanda kilima kama kawaida, ila badala ya kuingia mlango wa nyuma penye birika la kasri, walipita mlango wa mbele, wakamwaga maji yao katika bwawa la marumaru. Adhana ya Ijumaa ilipolia mtungi wa mia mbili na hamsini ukamwagwa, na Bwana Tenge akawafungua punda wapumzike, akaenda zake kusali.

* * *

Sultani alitoka katika msikiti wa kasri amefuatana na mgeni wake, Mfalme wa nchi ya jirani, mzee mfupi apendaye kucheka. Wakaliona bwawa limejaa, linameta. Sultani akajaa kifua.

"Umeona, rafiki yangu? Na huu ni ukame! Watu wangu wamenitolea mitungi mitano mitano, na bado wamebakiwa na mitano." Akamnong'oneza Waziri, "Nilikwambia wanaficha maji." Waziri akainama kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshinda.

Wakaketi. Sultani akaagiza sharbati. Sharbati haikuja. Akaagiza tena, akaja mpishi mkuu amekunja mikono. "Bwana wangu, hakuna maji ya sharbati." "Leteni pilau basi." "Pilau haikuwekwa motoni, bwana wangu. Hakuna maji ya mchele." Mara akaja mtunza farasi, kwamba farasi wanakwaruza sakafu kwa kiu, kisha mtunza tausi, karibu analia. Na mwisho, kutoka upande wa wanawake, ikaja salamu kutoka kwa mama yake Sultani, ya maneno machache ambayo aliyeileta aliomba asiyarudie mbele ya mgeni.

"Maji yangu yako wapi?" akanguruma Sultani. Bwana Tenge akaletwa. Akaonyesha bwawa kwa kidole. "Nani kakuamuru?" "Wewe, bwana wangu," akasema Bwana Tenge, akaitoa karatasi.

Basi Shikeli akaitwa mbio. Akaingia amevaa kanzu yake moja, na huku nje mji mzima umesimama ukichungulia.

"Ewe mtu mpumbavu na mwovu!" akasema Sultani. "Niliamuru nyumba hamsini zitoe, kila moja mitano. Wewe umechukua yangu yote!"

"Nimetii amri, ee bwana wetu," akasema Shikeli. "Nyumba hamsini zimetoa mitungi mia mbili na hamsini. Naomba Waziri agawanye, maana mimi sikusoma."

Mfalme mgeni akasema, "Gawanya, Waziri. Nami napenda hesabu."

Waziri akasema kwa sauti ya chini, "Mitano."

"Kila nyumba mitano, kwa wastani," akasema Shikeli. "Kwangu mitano. Kwa kikongwe asiyeweza kubeba kata, mitano. Kweli tumechoka, bwana, lakini tumetoa."

Mgeni akaanza kutikisika mabega.

Waziri akaona ardhi inamponyoka, akapaza sauti, "Huu ni udanganyifu! Kasri ya Sultani si nyumba! Nani amepata kusikia kasri ikihesabiwa pamoja na vibanda?"

Shikeli alikuwa akingojea neno hilo kama mtu wa kuopoa ndoo kisimani angojeavyo ndoo iliyodondoka inase ndoanoni, akalivuta. "Waziri asema kweli, bwana wetu. Kasri si nyumba. Basi na tuitoe katika hesabu, nami nipigwe kwa kosa langu. Lakini tukiitoa hapa, na kule kwenye mitungi kumi tuitoe pia. Bwana Tenge, punda wako huleta kasrini mitungi mingapi kwa siku?"

"Mia nne na hamsini na mmoja," akasema Bwana Tenge, safari hii akitazama mbele.

"Waziri, toa hiyo katika mia tano."

Waziri akatazama viatu vyake; Sultani mwenyewe akahesabu, midomo ikitembea. "Arobaini na tisa," akasema.

"Na nyumba zilizosalia?"

"Arobaini na tisa."

"Gawanya, ee bwana wetu."

Sultani hakugawanya. Akatazama lile bwawa. Kisha akatazama nje, akawaona watu wake mlangoni, na inawezekana ndiyo mara ya kwanza kuwatazama midomo, jinsi ilivyopasuka.

"Mtungi mmoja," akasema. "Mafudhi, wewe ulijua?"

"Bwana wangu," akasema Waziri, jasho likimtoka, "hesabu yangu haina kosa hata la nukta."

"Ni kweli haina," akasema Shikeli. "Hata mimi nikiketi na tajiri, yeye ale kuku kumi nami nilambe vidole, hesabu itasema tumekula kuku watano watano. Hesabu itakuwa sahihi, nami nitalala na njaa. Waziri alijumlisha vizuri na kugawanya vizuri. Ila maji hayakugawanywa. Kilichogawanywa ni karatasi."

"Basi mtu afanyeje apate kujua?" akauliza Sultani, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

"Kama bwana hataki kushuka kilima, na awapange wenye nyumba hamsini kwa mstari, wa kidogo mbele, wa kingi nyuma, kisha asimwulize wa kwanza wala wa mwisho. Awaulize wale wawili walio katikati kabisa. Wa ishirini na tano atasema, mmoja. Wa ishirini na sita atasema, mmoja. Wa mwisho tu ndiye atakayesema mia nne na hamsini na mmoja, na huyo, bwana wetu, sisi adabu haituruhusu kumwuliza."

Hapo Mfalme mgeni alishindwa. Akacheka hata kilemba kikamlalia sikioni, akajipiga mapaja, akasema, "Ewe Muhsini! Mara tatu nimejigamba kwako juu ya chemchemi zangu, lakini wallahi sina waziri anayeweza kuwanywesha watu kwa kalamu!" Sultani akawa mwekundu, kisha mweusi, kisha, kwa kuwa mfalme asiyecheka pamoja na wanaomcheka huchekwa peke yake, akacheka naye. Lakini kilikuwa kicheko chenye mfupa kooni.

"Shikeli," akasema, "umeniaibisha mbele ya mgeni wangu, na haki yako ni upanga. Pia umeniambia kweli, na haki yako ni zawadi. Jumlisha, ugawanye."

"Nikigawanya upanga na zawadi, bwana wangu, nitapata nusu shingo," akasema Shikeli. "Afadhali zawadi peke yake."

"Sema uitakayo."

Shikeli akainama. "Nataka Waziri asiwe mwongo. Ameandika kuwa kila nyumba yapata mitungi kumi. Basi neno lake litimie: kila nyumba kumi, ya makuti na ya chokaa, mpaka mvua inyeshe."

Sultani akaanza kukubali kwa kichwa, kisha kichwa kikasimama njiani. "Na kasri?"

"Kasri si nyumba?" akauliza Shikeli kwa upole.

Sultani akamtazama mgeni, akaona mabega yake yameanza tena. "Haya," akasema kwa shida. "Kumi."

* * *

Ikawa hivyo. Lile bwawa la marumaru lilitekwa mchana ule ule hata likabaki mawe, na Bi Chanuo akamkanda Mwanaheri kwa maji yanayotoa mvuke, akimgombeza Shikeli muda wote kuwa kuni ni mbichi. Farasi kumi wakapelekwa nchi ya jirani wakale majani ya rafiki. Mawaridi yakakauka. Tausi wakazoea kutembea na miguu michafu, wala haikuonekana kuwa imewapunguzia kiburi. Sultani akajifunza kuoga kwa kata tatu, na siku ya nne, kwa udadisi au kwa aibu, alishuka kilima kwa miguu akachungulia kisimani, akarudi hasemi kitu.

Naye Waziri Mafudhi, Sultani hakumpiga wala hakumfukuza. Alisema tu kwamba mitungi kumi ya kasri ni michache, wala haiwatoshi watumishi na wakubwa pamoja. Mwenye kutaka mtungi wa ziada wa kuoshea joho na aende kisimani kwenye foleni, angoje walio mbele yake waishe kuteka, ateke kama wamebakiza.

Basi alasiri moja Waziri akaja na mtungi mpya begani, na joho lake refu. Akautazama mstari wa wanawake, akaona ni mrefu, akapita pembeni hata akafika mbele, akauteremsha mtungi wake mbele ya wa Bi Chanuo.

Bi Chanuo akamtazama kutoka kilemba hata viatu. Akaushika mtungi ule kwa ile mikono yake ya pamba, akaurudisha begani kwa Waziri taratibu.

"Rudi nyuma, mwanangu," akamwambia. "Utatuharibia wastani."

Waziri akarudi nyuma. Akahesabu waliokuwa mbele yake. Walikuwa thelathini na wanane, na safari hii hakuona haja ya kuwagawanya kwa chochote.

Hivi ndivyo ilivyosimuliwa Changaweni, nami sikuongeza wala sikupunguza. Mwenye shaka na akahesabu mwenyewe.